Ukitaka kujua jeshi la China litafika wapi, hesabu meli zake za mafuta

Tarehe 26 Desemba 2008 meli tatu za jeshi la wanamaji la China ziling'oa nanga Sanya, kwenye kisiwa cha Hainan, zikaelekea Ghuba ya Aden kukabiliana na maharamia. Kamera zilizielekea Wuhan na Haikou, manowari mbili mpya zilizosheheni makombora. Meli ya tatu, Weishanhu, namba 887 ubavuni, haikutazamwa sana. Ni meli pana, nzito, yenye milingoti mirefu ya kuning'inizia mipira ya mafuta. Kwangu mimi hiyo ya tatu ndiyo habari yenyewe, na nitairudia mara kadhaa hapa kwa sababu zaidi ya mara moja China ilipohitaji kufanya jambo mbali na kwao, jina lake limejitokeza.

Mijadala ya kijeshi hupenda kuhesabu vitu vinavyopendeza machoni: manowari ngapi, makombora ya masafa gani, ndege za kizazi cha ngapi. Kwa hesabu hiyo China tayari ina jeshi la majini kubwa kuliko lolote duniani kwa idadi ya meli, zaidi ya 370. Bajeti rasmi ya ulinzi ya mwaka 2025 ilikuwa yuani trilioni 1.78, ongezeko la asilimia 7.2. Takwimu hizo ni za kweli lakini zinajibu swali jingine. Nguvu ya kupigana karibu na nyumbani si sawa na uwezo wa kupeleka nguvu mbali na kuidumisha huko. Wahenga wa pwani walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na katika habari za manowari msemo huo ni wa kuchukuliwa kama ulivyo: tembea sitaha yote, mwisho utashuka chini kuangalia kilichobaki kwenye matangi.

Tufanye hesabu. Kutoka Sanya hadi Ghuba ya Aden ni kama maili 4,400 za baharini. Frigeti (manowari ndogo ya kusindikiza) ya aina ya 054A, ambayo China imeitumia sana kwenye doria hizi, hutajwa kuwa na masafa ya maili 3,800 kwa mwendo wa maili 18 kwa saa. Kwa mwendo huo safari ni siku kumi, na tangi litakauka kabla ya kufika. Wala hakuna anayesubiri likauke. Majeshi mengi ya majini hayaachi mafuta yashuke sana chini ya nusu, kwa kuwa adui au dhoruba vinaweza kukulazimisha kukimbia kwa kasi kamili, na kasi hula mafuta vibaya mno: ukiongeza mwendo maradufu, nguvu inayohitajika kuisukuma meli huongezeka karibu mara nane. Kwa hiyo frigeti hiyo lazima ijazwe mara mbili njiani, kisha ijazwe tena na tena huko kwenye doria, ambako kusindikiza msafara mmoja wa meli za biashara ni maili 550 hivi kwenda tu. Bila Weishanhu, Wuhan na Haikou zisingefika popote zikiwa na manufaa.

Kujaza mafuta baharini ni kazi inayostahili kuangaliwa kwa karibu, maana hapa ndipo jeshi changa linapotofautiana na jeshi lililokomaa. Meli ya mafuta hushika mwelekeo mmoja na mwendo mmoja, kama maili 12 au 13 kwa saa, na haibadilishi chochote. Manowari huja kutoka nyuma, hujipanga ubavuni umbali wa mita 40 au 50, kisha hulinganisha mwendo mpaka meli zote mbili zinaonekana kama zimesimama, ilhali zinakata maji. Baharia hufyatua kwa bunduki kamba nyembamba ivuke upande wa pili. Kamba hiyo huvuta nene zaidi, hiyo nene huvuta waya wa chuma, na waya ukishanaswa hukazwa na mtambo unaoulegeza na kuuvuta kadiri meli zinavyoyumba. Mpira wa mafuta huteleza juu ya waya huo hadi ncha yake iingie kwenye kipokeo. Kamba nyingine yenye bendera ndogo za rangi hunyoshwa kati ya meli hizo, ili nahodha asome umbali kwa jicho. Sampuli ya mafuta hupimwa kwanza, kwa kuwa maji ya chumvi yakiingia kwenye injini ya turbini ya gesi hula mapanga yake. Ndipo pampu huwashwa.

Shida iko kwenye maji yenyewe. Meli mbili zikienda sambamba karibu hivyo, mgandamizo hupanda kwenye omo na kushuka katikati ya ubavu. Omo zinasukumana, matumbo yanavutana. Mshika sukani hurekebisha kwa digrii moja au nusu digrii, mfululizo, pengine kwa saa mbili na zaidi. Sukani ikikwama wakati huo hakuna nafasi ya kujadiliana: pampu huzimwa, mpira huchomolewa, waya hulegezwa au hukatwa, na meli huachana. Waya uliokazwa ukikatika wenyewe huweza kuua watu sitahani. Sasa weka usiku, mawimbi ya mita tatu, na wakati wa vita, taa zimezimwa na redio kimya. Kazi hii haijifunzwi kwa kitabu. Tangu 2008 China imetuma zaidi ya vikosi 45 vya doria kwenye eneo hilo, kwa kawaida manowari mbili na meli moja ya ugavi, vikipokezana bila kukatika hata baada ya uharamia kupungua sana. Wachambuzi wengi wamebishana kuhusu kwa nini hawakuondoka. Nadhani jibu moja ni jepesi: hakuna chuo kingine ambacho kingewafundisha maelfu ya mabaharia kazi hii huku bandari za nchi nyingi zikiwafungulia milango.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Wuhan na Haikou zilirudi nyumbani Aprili 2009, lakini Weishanhu ilibaki kuhudumia kikosi cha pili. Sababu haikuwa ushujaa. China wakati huo ilikuwa na meli chache mno za ugavi wa masafa marefu, na kila moja ilikuwa na kazi. Meli ya aina hiyo hubeba kama tani 10,500 za mafuta, tani 250 za maji na tani mia kadhaa za risasi, makombora na vipuri. Leo zipo tisa za jamii hiyo, pamoja na mbili kubwa za tani zipatazo 45,000 zilizojengwa mahsusi kuandamana na manowari za kubeba ndege. Mbili tu. Marekani ina zaidi ya mara mbili ya meli zote hizo za China, na juu yake ina bandari za marafiki karibu kila bahari. Ukiniuliza nionyeshe dalili moja kwamba Beijing imeamua kweli kupigana mbali na pwani yake, nitakuambia uangalie picha za satelaiti za magudi ya Guangzhou utafute meli ya tatu, ya nne na ya tano za aina hiyo kubwa. Picha za manowari mpya hazitakuambia hilo.

Baada ya meli za mafuta, jambo la pili la kuhesabu ni bandari. Kwa miaka mingi vikosi vya China vilitegemea Salalah, Aden, Djibouti na Karachi kununua mboga, maji na dizeli kama meli yoyote ya biashara. Agosti 1, 2017 kambi ya Djibouti ilifunguliwa rasmi, ya kwanza ya China nje ya nchi, karibu na bandari ya Doraleh na umbali wa kilomita chache tu kutoka kambi ya Marekani ya Lemonnier. Baadaye iliongezewa gati lenye urefu wa zaidi ya mita 300, linalotosha meli kubwa kabisa za jeshi hilo. Aprili 2025 kituo cha pamoja cha Ream, Cambodia, kilizinduliwa. Orodha inaishia hapo kwa vituo vinavyotambuliwa waziwazi. Djibouti haina njia ya kurukia ndege kubwa, ina uwanja wa helikopta tu. Iko kwenye mlango wa Bab el-Mandeb, lango la kusini la Bahari ya Shamu, mahali pazuri wakati wa amani, lakini katika vita dhidi ya taifa kubwa ingekuwa kisiwa kilichozungukwa na majirani wenye silaha, na ugavi wake ungetegemea bahari ambayo China haiitawali.

Kuna wanaohesabu kila bandari ambayo kampuni ya China imejenga au kukodi kuwa kambi ya kijeshi iliyojificha: Hambantota ya Sri Lanka, Gwadar ya Pakistan, Piraeus ya Ugiriki. Sikubaliani nao, ingawa wasiwasi wao una msingi. Bandari ya biashara inaweza kukupa mafuta, maji, chakula na fundi wa kuchomelea. Haiwezi kukupa makombora. Manowari kubwa ya aina ya 055 ina mashimo 112 ya kurushia, ya aina ya 052D ina 64. Kila kombora huja ndani ya mkebe mrefu wa chuma ambao lazima usimamishwe wima na kushushwa ndani ya shimo kwa uangalifu wa sentimita, kwa kreni, kwenye maji yaliyotulia. Baharini meli inayumba na mkebe unakuwa pendulamu. Marekani yenyewe ilijaribu mtambo wa kufanya kazi hiyo baharini kwenye manowari ya Chosin Oktoba 2024, na bado ni majaribio. Katika Bahari ya Shamu mwaka 2024 manowari zake zilizotumia makombora dhidi ya wapiganaji wa Kihouthi wa Yemen zililazimika kuondoka kwenda bandarini kujaza. Manowari ya China iliyomaliza makombora yake Bahari ya Hindi ingehitaji ghala la silaha, kreni, mafundi, na serikali mwenyeji iliyo tayari kuingia vitani kwa ajili yake. Hilo la mwisho halinunuliwi kwa mkataba wa kukodi miaka 99.

Watu husema China imeiga Marekani. Ukifuata tarehe, utaona iliiogopa kwanza. Vita vya Ghuba vya 1991 viliwaonyesha majenerali wake jeshi kubwa la vifaru likisambaratishwa kutoka angani kwa wiki chache. Mwaka 1996, China iliporusha makombora karibu na Taiwan, Marekani ilituma manowari mbili za kubeba ndege, na Beijing haikuwa na namna nzuri hata ya kuzifuatilia. Makombora, nyambizi na rada za leo zilizaliwa na fedheha ile. Kwa hiyo jeshi lilijengwa kwanza kumzuia mgeni asikaribie. Kwenda kwa mgeni kulikuja baadaye: mwaka 2004 kiongozi wa China, Hu Jintao, alilipa jeshi majukumu mapya yaliyogusa maslahi ya nje, wakati mafuta yanayopita mlango wa Malacca yalipoanza kuwanyima viongozi usingizi. Mpangilio huo wa kihistoria bado unaonekana kwenye orodha ya meli.

Manowari za kubeba ndege ni mfano mzuri. Liaoning ilinunuliwa Ukraine ikiwa gofu lisilokamilika, ikaingia jeshini Septemba 2012. Shandong ikafuata Desemba 2019. Zote mbili zina sitaha iliyopinda juu kwa mbele, na ndege hupaa kwa nguvu ya injini zake peke yake. Ndege nzito ikijaza mafuta na silaha zote haiwezi kupaa hivyo, kwa hiyo rubani huchagua: aende mbali na mabomu machache, au apeleke mabomu mengi karibu.

Lakini kasoro kubwa zaidi ni ile isiyoonekana kwenye picha. Ndege ya rada inayoendeshwa kwa panga boi haiwezi kupaa kwa mtindo huo, nayo ndiyo jicho la kundi zima. Dunia ni mviringo, na rada huona mpaka upeo tu. Rada iliyo mita 30 juu ya maji italiona kombora linaloruka mita 5 juu ya mawimbi likiwa umbali wa kilomita 32 hivi. Kombora lenye kasi ya mita 300 kwa sekunde linamaliza umbali huo kwa sekunde 106 au 107. Ndani ya muda huo lazima litambuliwe, liamuliwe, lirushiwe kombora la kulizuia, na likikosewa, lirushiwe la pili. Weka rada hiyohiyo kwenye ndege iliyo mita 8,000 juu, na upeo unasogea hadi kilomita 375 na ushei. Sekunde mia zinageuka dakika ishirini. Helikopta ya rada husaidia, lakini haipandi juu hivyo wala haikai angani muda mrefu.

Ndiyo maana Fujian, iliyoingia jeshini Novemba 2025, ni hatua ya kweli. Manati yake ya sumakuumeme yanairusha ndege ya rada ya KJ-600, ndege ya kivita ya J-35 isiyoonekana kirahisi kwenye rada, na ndege ya kivita ya J-15T ikiwa na mzigo mzito. Hata hivyo Fujian inatumia mafuta, si nyuklia, kwa hiyo inaihitaji ile meli ya tani 45,000 kila baada ya siku chache. Ipo pia kanuni ya tatu kwa moja, ambayo kila jeshi la majini hatimaye huisalimu: ili manowari moja iwe kazini mbali muda wote, unahitaji nyingine kwenye mafunzo na nyingine gudini. China ina tatu, mbili kati yake zenye kasoro niliyoieleza. Hesabu mwenyewe ni ngapi zinaweza kukaa Bahari ya Hindi mwaka mzima.

Angani hadithi inafanana. Mwaka 2011 Libya ilipochafuka, China iliwaondoa raia wake 35,860. Ilikuwa kazi kubwa na ya kusifika, lakini jeshi lilichangia ndege nne za mizigo za Il-76 zilizobuniwa na Wasovieti na frigeti moja, Xuzhou. Karibu watu wote waliondoka kwa feri za kukodi, mabasi na ndege za abiria. Somo lilieleweka. Ndege ya mizigo ya China yenyewe, Y-20, yenye uwezo wa kubeba tani 66, ilianza kazi 2016. Kifaru kizito cha aina ya 99 kinatosha kimoja tu ndani yake. Vifaru vyepesi vya aina ya 15 vinaingia viwili. Mwanzoni iliruka kwa injini za Kirusi zinazokula mafuta sana, kwa kuwa injini ni sehemu iliyoitesa China kuliko zote: mapanga ya ndani ya turbini hufanya kazi kwenye gesi yenye joto linalozidi kiwango cha kuyeyuka cha chuma chenyewe, yakiokolewa na vitundu vidogo vya hewa ya kupoza. Ukiiga umbo lake bila kujua namna ya kulimimina na kulipoza, panga litapasuka.

Aprili 2022 ndege sita za Y-20 zilipeleka mfumo wa makombora ya kutungulia ndege Serbia. Wengi walishangaa umbali. Mimi naona jambo la kuangalia lilikuwa vibali: zilipita juu ya Uturuki na Bulgaria, wanachama wa NATO, kwa ruhusa. Wakati wa mgogoro ruhusa hiyo ni karatasi tu. Kupita bila ruhusa, au kuzunguka, kunahitaji ndege za kujaza mafuta angani, na hapo China ilichelewa sana. H-6U, ndege ya zamani ya kudondosha mabomu iliyogeuzwa tangi, hutoa kama tani 18, wakati ndege moja ya kivita ya jamii ya J-11 hubeba tani 9 hivi ndani yake. Tangi moja, ndege mbili, basi. YY-20, iliyotokana na Y-20, inabadilisha hali hiyo, na idadi yake ni ya kufuatiliwa kama meli za mafuta.

Ukitazama meli za kushusha askari unaona uwezo unaokua kwa kasi: nane za aina ya 071, nne za aina ya 075 zenye tani zipatazo 40,000, na Sichuan ya aina ya 076 iliyoteremshwa majini Desemba 2024 ikiwa na manati yake. Kwa Taiwan, umbali wa kilomita 130 hivi pale penye wembamba, hizi zinaongezewa feri za kiraia zilizoimarishwa milango ya kuteremshia magari, na sheria ya uchukuzi wa ulinzi ya 2017 inaipa serikali haki ya kuziita. Feri hizo zinafaa kwa safari ya saa chache. Hazina vyumba vilivyogawanywa kuzuia moto na maji kama manowari, na kombora moja kwenye sitaha pana ya magari linaweza kuizamisha meli yote.

Halafu wapo watu. Jeshi la China halijapigana vita vikubwa tangu 1979, Vietnam. Magazeti yake yenyewe huandika kuhusu maradhi ya amani, na kuhusu makamanda wenye mapungufu matano: hawawezi kuisoma hali, hawaelewi nia ya mkubwa wao, hawawezi kuamua, hawawezi kupanga askari, hawawezi kukabili jambo la ghafla. Ni nadra jeshi kujisema hivyo, na ninaliheshimu kwa hilo. Mageuzi ya 2016 yalivunja kanda saba za kijeshi yakaunda kamandi tano na jeshi la pamoja la ugavi lenye makao katika mji wa Wuhan. Lakini kamandi hizo tano zote zinatazama mipaka ya China. Hakuna iliyoundwa kuendesha vita kwenye Bahari ya Hindi. Ongeza kuanguka kwa mawaziri wa zamani wa ulinzi Wei Fenghe na Li Shangfu, waliofukuzwa chamani Juni 2024 kwa rushwa, na viongozi wa kikosi cha makombora kabla yao. Rushwa kwenye ununuzi hugeuka vipuri vibovu, na vipuri vibovu ukiwa maili 4,000 kutoka nyumbani hakuna wa kukuazima.

Jinsi hali ilivyo inaonekana vizuri Aprili 2023, vita vilipolipuka Sudan. Kikosi cha doria kilichokuwa karibu kilikimbilia Port Sudan, kikawavusha Bahari ya Shamu hadi Jeddah zaidi ya raia 900 wa China pamoja na wa mataifa mengine. Kiliweza kwa sababu kilikuwa tayari baharini, matangi yamejaa. Meli zilizobeba watu hao zilikuwa mbili. Moja ilikuwa manowari ya Nanning. Ya pili, iliyowapandisha abiria kwenye sitaha ya mipira na winchi, ilikuwa namba 887, Weishanhu, ileile iliyotoka Sanya miaka kumi na minne nyuma.